Zaaf: Mwislamu aliyeitwa mlevi kwa harufu ya nguo zake

Jina likishachafuka, kulisafisha ni kazi. Ukimtaja Abdel-Kader Zaaf mbele ya wapenzi wa mbio za baiskeli kule Ulaya, wengi hucheka kwanza. Watakwambia ni yule Mwarabu aliyelewa njiani, akalala chini ya mti, na alipoamka akapanda baiskeli kurudi alikotoka. Kicheko hicho kimeishi zaidi ya miaka 70. Mwenyewe alifariki mwaka 1986.

Zaaf alizaliwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa Chebli, Algeria, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Ufaransa. Baiskeli ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1950 alikuwa katika timu ya Afrika Kaskazini iliyokwenda kushindana katika Tour de France, mbio za kuzunguka Ufaransa ambazo mwaka huo zilikuwa na mikondo 22 na zaidi ya kilomita 4,700. Mwendeshaji hupanda milima leo, kesho akaamka na maumivu yake akaanza tena. Waliochelewa mno huondolewa.

Tarehe 27 Julai ilikuwa zamu ya mkondo wa 13, kutoka Perpignan hadi Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Jua lilikuwa kali mno. Joto la kiangazi hicho lilikuwa la kupigiwa mfano: siku chache baadaye waendeshaji kadhaa walijitosa baharini pale Sainte-Maxime mbio zikiendelea. Siku hiyo ya Nîmes wakubwa waliamua kwenda pole pole. Zaaf na mwenzake wa timu, Marcel Molinès, mzaliwa wa Algeria pia, wakaona hiyo ndiyo nafasi yao. Wakachomoka, wakaliacha kundi kubwa nyuma kwa dakika nyingi.

Kwa wageni wawili kutoka koloni, kuongoza mbio za mtawala katika ardhi yake halikuwa jambo dogo. Lakini Nîmes ilipokaribia, mwili wa Zaaf ulikataa. Akaanza kuyumba huku na huku barabarani, akaanguka. Watazamaji wakamvuta kando, wakamlaza kivulini. Alipozinduka akarukia baiskeli yake na kukanyaga kwa nguvu zote, ila alielekea upande aliotoka. Akasimamishwa, akapelekwa hospitalini. Molinès aliendelea peke yake na kushinda, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kushinda mkondo wa Tour de France.

Mvinyo uliingiaje? Sehemu ile ni ya mashamba ya mizabibu, na masimulizi ni mawili. Wako wanaosema kiu kilimfanya apokee chupa kutoka kwa mtazamaji bila kujua kilichomo. Wengine wanasema wakulima waliotaka kumzindua hawakuwa na maji karibu, wakammwagia mvinyo, na waliofika baadaye wakanusa nguo wakahukumu. Wapo pia walioshuku vidonge vya kuongeza nguvu, vilivyokuwa vya kawaida miongoni mwa waendeshaji enzi hizo. Zaaf mwenyewe alisema yeye ni Mwislamu, na pombe hanywi. Lakini magazeti yalikuwa na kichekesho tayari, na kichekesho huuza kuliko maelezo.

Sisi tunaelewa uzito wa hilo. Kumwambia mtu ameshindwa na jua si aibu. Kumwambia Mwislamu kwamba alilewa hadharani, mbele ya dunia nzima, ni kumvunjia heshima yake na ya wazazi wake. Tena husimuliwa kwamba kesho yake alikwenda penye mstari wa kuanzia, akaomba aruhusiwe kumaliza zile kilomita zilizobaki ndipo aendelee na wenzake. Waandaaji wakakataa. Je, huyo ni mtu wa kuchekwa?

Mwaka uliofuata alirudi. Katika mkondo wa Carcassonne hadi Montpellier, jua likiwa kali vile vile, ni Zaaf aliyeanzisha mashambulizi. Hugo Koblet wa Uswisi akamfuata na kwenda kushinda. Nyuma yao Fausto Coppi, bingwa mkubwa wa Italia aliyekuwa ametoka kumzika ndugu yake, akazidiwa na kupoteza zaidi ya nusu saa. Koblet alitwaa taji lote. Zaaf alimaliza wa 66, wa mwisho kabisa, karibu saa tano nyuma ya mshindi.

Wa mwisho, ndiyo. Lakini walioanza walikuwa zaidi ya 120, na karibu nusu yao hawakufika Paris. Yeye alifika. Umaarufu ulimletea mialiko mingi ya mbio ndogo ndogo za kulipwa, na aliikubali. Watu walikuja kumtazama yule wa kisa cha mti, naye alipata riziki yake kwa kuendesha baiskeli.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Waliomnusa Zaaf siku ile hawakujua alikuwa ameendesha masafa gani chini ya jua lile, wala nani alimmwagia nini. Tukikisikia tena kisa hiki tukisimulie chote: aliongoza, akaanguka, akaomba kumalizia, akanyimwa, na mwaka uliofuata akafika Paris.