Émilie du Châtelet, mama aliyemaliza kitabu cha Newton mbele ya kifo

Wanafunzi wa sekondari wanajua hesabu hii ya fizike: nguvu ni masi mara mwongezeko wa mwendo. Inatokana na sheria ya pili ya Isaac Newton, Mwingereza. Lakini Newton alitoa kitabu chake, Principia, mwaka 1687 kwa Kilatini. Aliyekigeuza chote kwa Kifaransa ni mama mmoja, Émilie du Châtelet.

Alizaliwa Paris tarehe 17 Desemba 1706. Wakati ule wasichana hawakupokelewa kwenye vyuo vikuu, na Akademia ya Sayansi ya Paris haikuwa na mwanamke hata mmoja. Aliolewa mwaka 1725, akazaa watoto watatu. Hata hivyo hakuacha masomo. Alijifunza hesabu kwa wataalamu Maupertuis na Clairaut, na mwaka 1740 akatoa kitabu chake cha fizike, alichokiandika kwa ajili ya kijana wake.

Sheria hiyo inasema nini? Tuangalie chukudu yenye mizigo, jumla kilo 200. Ili mwendo wake uongezeke nusu mita kwa sekunde, kila sekunde, tunafanya 200 mara 0.5: ni newton 100. Hiyo ndiyo nguvu inayobaki kisha kutosha ile inayopinga. Kama barabara inapinga kwa newton 60, msukumaji atatoa 160. Wengi wanakosea hapo: wanahesabu nguvu ya mikono tu, wanasahau ya barabara.

Mwaka 1749, akiwa na miaka 42, Émilie alikuwa na mimba tena. Kwa umri ule, aliogopa kwamba hatapona uzazi. Tafsiri ilikuwa haijaisha, basi akafanya kazi mchana na usiku, akiongeza pia maelezo yake ya hesabu ili msomaji aelewe. Alimaliza. Tarehe 4 Septemba alizaa mtoto mwanamke huko Lunéville. Siku sita nyuma, tarehe 10, akafariki. Mtoto naye hakuishi muda mrefu.

Kitabu kizima kilitoka mwaka 1759, miaka kumi kisha kifo chake. Hakukishika mkononi. Lakini mpaka leo, anayetaka kusoma Principia kwa Kifaransa anasoma kazi ya mama huyo.