ROLF SIEVERT: MTU ALIYEPIMA HATARI ISIYOONEKANA

Usilolijua ni usiku wa kiza. Kuna moto usioonekana wala kunuka, na mtu akiungua hasikii kitu papo hapo. Moto huo ni miali ya eksirei na ya madini kama radiamu. Hebu niwasimulie juu ya mtu aliyeupima.

Rolf Sievert alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 6 Mei 1896. Babake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha nyaya za umeme. Miezi sita tu kabla ya hapo, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alikuwa amegundua eksirei. Basi mtoto na miali wakakua pamoja.

Siku hizo madaktari walitibu saratani kwa miali, lakini kwa kukisia tu. Ngozi ya mgonjwa ikigeuka nyekundu, ati dozi imetosha! Aliyepata kidogo hakupona. Aliyepata nyingi aliungua. Madaktari wenyewe hawakusazwa: wengine walikatwa vidole, wengine wakafa kwa saratani.

Sievert alikuwa mwanafizikia, si daktari. Kuanzia 1924 hadi 1937 aliongoza maabara ya fizikia ya Radiumhemmet, hospitali ya saratani mjini Stockholm. Huko aliunda vyombo vidogo vya kupimia. Chombo kilitiwa chaji ya umeme, kikawekwa mahali panapopigwa miali. Chaji ilipungua, na kiasi kilichopungua kilionyesha dozi. Yeye na wenzake walizunguka hospitali za Uswidi wakikagua mashine. Mwaka 1928 akawa mmoja wa wajumbe wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya kuwakinga watu na miali.

Mtauliza, kwa nini wasitumie themometa? Kwa sababu dozi inayoweza kuua haipandishi joto la mwili hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii! Madhara yako ndani ya seli. Tena miali haifanani. Kwa nishati ileile, miali ya alfa ikiwa ndani ya mwili huhesabiwa kuwa na madhara mara 20 kuliko eksirei. Kwa hivyo kupima nishati peke yake hakutoshi.

Baadaye, mataifa makubwa yakiwa yanajaribu mabomu ya nyuklia, Sievert aliongoza kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza madhara ya miali, kati ya 1958 na 1960. Aliaga dunia tarehe 3 Oktoba 1966. Mwaka 1979 kipimo cha madhara ya miali mwilini kikapewa jina lake: siveti.

Leo twajua kuwa mtu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Eksirei moja ya kifua ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Mgonjwa akiambiwa na daktari apigwe picha, asikimbie. Lakini anayeipiga kila siku lazima ajikinge na kupimwa dozi yake.

Wanafunzi wenzangu, tunapolalamika kuwa vipimo vya fizikia ni vingi mno, tukumbuke kwamba hiki kimoja kimeokoa maisha ya watu.