Henryk Sienkiewicz, Mwandishi wa Polandi Aliyefika Pwani Yetu

Mwezi wa Juni 1916 vita vya Wazungu vilifika Korogwe, na baada ya siku chache vikaingia Handeni. Majeshi ya Uingereza, chini ya Jenerali Smuts, yalikuwa yakishuka kandokando ya mto Pangani, nao Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Nyuma ya majeshi walifuata wapagazi, watu wa nchi hii na wa nchi jirani, wakichukua vichwani unga na risasi za vita visivyokuwa vyao. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa na maradhi, wahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Miezi ile ile, katika mji mdogo wa Vevey nchini Uswisi, mzee wa miaka 70 alikuwa akifanya kazi ya kuwaombea msaada wenzake wa Polandi, ambao mashamba yao yalikuwa yamekanyagwa na majeshi. Mzee huyo ni Henryk Sienkiewicz. Twaona inafaa kuwasimulia wasomaji wetu habari za maisha yake, maana huyu si mgeni kabisa kwetu: alipata kufika Unguja na Bagamoyo, na aliyoyaona huko aliyaandika.

Sienkiewicz alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 katika kijiji cha Wola Okrzejska. Wakati huo Polandi haikuwamo katika ramani ya dunia. Tangu mwaka 1795 nchi ilikuwa imekwisha gawanywa yote baina ya Urusi, Prussia na Austria, na upande aliozaliwa yeye ulitawaliwa na Warusi. Alisoma Warsaw, kisha akaingia kazi ya magazeti. Mwaka 1876 alisafiri mpaka Marekani, akakaa California, na kutoka huko alipeleka barua za safari zilizochapishwa gazetini kwao. Barua hizo ndizo zilizomfanya ajulikane.

Mwaka 1881 alimwoa Maria Szetkiewicz, wakajaliwa watoto wawili. Lakini mke huyo alishikwa na kifua kikuu, akafariki mwaka 1885. Katika miaka hiyo hiyo ya uchungu ndipo Sienkiewicz alipoandika riwaya zake tatu kubwa za vita vya kale vya Polandi, zilizotoka kati ya mwaka 1884 na 1888. Zilichapishwa gazetini sehemu baada ya sehemu. Hivyo watu waliokatazwa kuwa na serikali yao walikumbuka ya kuwa babu zao walipata kuwa na wafalme, majeshi na heshima.

Mwishoni mwa mwaka 1890 alianza safari ya Afrika. Alipitia Misri, akafika Unguja mapema mwaka 1891, kisha akavuka kwenda Bagamoyo. Pwani yote ilikuwa imetoka vitani juzi tu. Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na Bwana Heri, kiongozi wa Wazigua, alikuwa ameweka silaha chini mwaka 1890. Huko Bagamoyo Sienkiewicz alipokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ilianzishwa mwaka 1868 na kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Kazi yao aliisifu sana katika barua zake. Akatoka na msafara wa wapagazi kwenda bara, akavuka mto Kingani, ambao leo twauita Ruvu. Lakini homa ilimshika njiani, ikambidi arudi pwani. Safari aliyoitumainia kuwa ndefu ikawa ya siku chache tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1896, kilitoka kitabu chake kiitwacho Quo Vadis, juu ya Wakristo wa kwanza wa Roma walioteswa na Kaisari Nero. Kilifasiriwa katika lugha zaidi ya 40. Wapolandi walipokisoma walitambua mara moja ya kuwa habari ya watu wanyonge mbele ya dola kubwa iliwahusu wao pia. Mwaka 1901, watoto wa shule katika mji wa Września walipochapwa viboko kwa kukataa kufundishwa dini kwa Kijerumani, Sienkiewicz hakunyamaza. Alitoa barua hadharani kuukemea ukatili huo. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1911 kilitoka kitabu chake kwa ajili ya vijana, kiitwacho W pustyni i w puszczy, maana yake jangwani na nyikani. Chaeleza habari za mvulana wa Kipolandi na msichana wa Kiingereza waliotekwa nyara, wakapita safari ndefu katika Afrika mpaka wakaokolewa. Kimependwa na watoto wa Polandi vizazi kwa vizazi. Lakini Waafrika waliomo, kama Kali na Mea, wamechorwa kama watu wasioweza kitu pasipo kuongozwa na mtoto wa Kizungu. Mwandishi aliyejua uchungu wa watu wake kutawaliwa na wageni hakuutambua uchungu huo huo kwa watu waliombebea mizigo. Twamheshimu kwa mema yake, wala hatuoni sababu ya kuficha kosa hili.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alihamia Uswisi. Mwezi wa Januari 1915, pamoja na mpiga piano Ignacy Paderewski, aliunda kamati ya kuwasaidia Wapolandi waliopatwa na maafa ya vita. Vijana wa Kipolandi walikuwa wakipigana katika majeshi ya Warusi, Wajerumani na Waaustria, ndugu akimpiga ndugu, kama vile askari Waafrika walivyopambana hapa kwetu chini ya bendera za wengine. Alifariki Vevey tarehe 15 Novemba 1916. Polandi ilirudi kuwa huru mwezi wa Novemba 1918, na mwaka 1924 mabaki yake yalirudishwa, yakazikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, Warsaw.

Wapolandi wa mwaka 1916 walipata mtu wa kuwaandikia. Wapagazi waliopita Korogwe na Handeni mwaka ule ule hawakupata, na wengi wao hata majina yao hayajulikani. Wamekwisha fariki wote. Lakini watoto na wajukuu wao wako, na katika nyumba nyingine habari zao bado zasimuliwa jioni. Twawasihi wazazi na walimu, hasa wa pande hizo, wawape vijana daftari na kalamu, wawaulize wazee, nao waandike majina, vijiji na njia walizopita. Kazi hii haingoji mtu mwenye tuzo. Yafaa ianze mwaka huu, maana kila mzee azikwaye huondoka na sehemu yake.