David Kato, mwalimu aliyelipeleka gazeti kortini

Kama umekulia Kisii au Nyamira, huhitaji kufundishwa kwamba jina la mtu likitajwa vibaya linaweza kumuua. Mei 2008, wazee 11 walichomwa moto Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, akina mama wanne wakongwe wakauawa Marani kwa madai yayo hayo. Hakuna aliyepewa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu. Mtu alisema, umati ukaamini, basi.

Sasa hebu nikupeleke Uganda, kwa mtu ambaye naye jina lake lilitajwa, ila yeye alikimbilia kortini. Anaitwa David Kato Kisule.

Kato alizaliwa katikati ya miaka ya 1960 katika kijiji cha Nakawala, Mukono. Jina lenyewe linakupa habari zake: kwa Waganda, Kato ni pacha wa kiume aliyezaliwa wa pili. Alisomea ualimu Kyambogo, akafundisha nyumbani, kisha akaenda Afrika Kusini kusaka riziki kwa chaki.

Huko alikuta nchi inabadilika. Ubaguzi wa rangi ulikuwa unazikwa, na katiba mpya ya 1996 ilikataza pia kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Fikiria wewe ni shoga, umelelewa ukijificha, halafu unasoma maneno hayo kwenye katiba ya nchi ya Kiafrika! Mwaka 1998 Kato alirudi Uganda na kujitangaza hadharani. Polisi wakamweka ndani.

Angeweza kurudi Johannesburg, lakini alibaki. Alikuja kujiunga na Sexual Minorities Uganda, shirika lililoanzishwa 2004, akawa afisa wake wa utetezi. Kazi yake ilikuwa ya kuzunguka: leo yuko kituo cha polisi kumtoa mtu, kesho yuko kortini kusikiliza kesi. Wenyewe kwa wenyewe walijiita makuchu, na Kato alitambulika kama kuchu ambaye hafichi uso.

Kabla hujasema hayo ni mambo ya Uganda, subiri kidogo. Sheria inayowafunga mashoga kule na hii yetu zina nyanya mmoja. Waingereza waliiandika mwaka 1860 kwa ajili ya India, kisha wakaisambaza kwenye makoloni yao. Walipofungua boma la Kisii mwaka 1907, sheria zao zilikuja nalo. Leo kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinaweza kumtupa mtu jela miaka 14, awe Nairobi au Keroka.

Oktoba 2009 mambo yalichacha Uganda. Mbunge David Bahati alipeleka bungeni mswada uliotaka baadhi ya mashoga wanyongwe. Mwaka mmoja baadaye, gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilohusiana kabisa na lile jarida la Marekani, lilichapa majina na picha za watu liliodai ni mashoga, pamoja na mahali wanakoishi. Likahimiza wanyongwe. Uso wa Kato ulikuwa ukurasa wa kwanza.

Kato hakujibu kwa matusi. Yeye, Kasha Jacqueline na Pepe Onziema walilishtaki gazeti katika Mahakama Kuu. Hawakumwomba jaji awapende, wala abariki maisha yao. Waliuliza kitu kimoja tu: katiba inapompa kila Mganda heshima na faragha ya nyumbani kwake, je, na sisi tumo?

Jaji Kibuuka Musoke akaamua kwamba wamo. Alisema kesi haihusu ushoga bali haki za mtu, na kwamba sheria huadhibu kitendo, haimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa vile alivyo tu. Gazeti likaamriwa kumlipa kila mmoja shilingi milioni 1.5 za Uganda na kukoma kuchapa orodha zile. Hela yenyewe haikuwa nyingi, lakini uamuzi ule ulikuwa mkubwa.

Kato hakuufaidi. Wiki chache tu baadaye, tarehe 26 Januari 2011, alipigwa nyundo kichwani nyumbani kwake Mukono, akafa. Polisi walisema kifo hicho hakikuhusiana na harakati zake. Kijana mmoja alikiri kosa na kufungwa miaka 30. Wenzake Kato, waliokuwa wamesikia vitisho alivyopokea, hawakuridhika na maelezo hayo.

Hata mazishi hayakuwa na amani. Mhubiri aligeuza ibada kuwa ya kuwalaani mashoga, wanakijiji wakakataa kumzika, na marafiki zake wakabeba jeneza wenyewe. Askofu Christopher Senyonjo, mzee aliyekuwa ametengwa na kanisa lake kwa kusimama na watu hawa, ndiye aliyewaombea kaburini.

Usidhani safari iliishia pale. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Hapa kwetu, Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 mwezi Mei 2019, lakini Februari 2023 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Majaji watatu walikubali, wawili wakapinga. Ni mwendo wa kobe, lakini mlango aliobisha Kato ndio huohuo.

Huenda humkubali Kato, na dini yako imekufundisha vingine. Sawa. Lakini siku picha ya mtu wa mtaa wako itakapotupwa kwenye grupu la WhatsApp na watu waanze kuulizana anaishi wapi, mkumbuke mwalimu huyu. Ukuta aliojaribu kuujenga kortini ndio ambao wale akina mama wa Marani walikosa. Na siku jina likitajwa ni lako, utautafuta na wewe.