Nicholas Callan, padri aliyepandisha volti za betri, akasahaulika

Pikipiki ya petroli inapowaka, cheche ya buji hutoka kwenye bobini inayogeuza volti chache za betri kuwa maelfu. Kifaa kinachopandisha umeme mdogo wa paneli ya sola kinatumia kanuni hiyohiyo. Aliyeionyesha mapema ni padri mkatoliki wa Ireland, Nicholas Callan. Alifariki mwaka 1864, na kwa miaka mingi sifa ilimwendea mtu mwingine.

Callan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1799 huko Darver, katika jimbo la Louth. Mwaka 1816 aliingia seminari kuu ya Maynooth, karibu na Dublin, akapata upadri mwaka 1823. Kisha alienda Roma, ambako alipata udaktari wa teolojia mwaka 1826. Huko Italia ndipo alipozijua kazi za Galvani na Volta juu ya umeme. Mwaka huohuo alirudi Maynooth kufundisha fizikia, kazi aliyoifanya hadi kufa kwake.

Betri za wakati ule zilikuwa na shida moja: volti zake zilikuwa chache mno. Ili kupata nyingi, ilibidi kuunganisha betri kwa mamia. Callan mwenyewe aliwahi kujenga betri ya seli 577.

Mwaka 1836 alipata njia nyingine. Alichukua kipande cha chuma, akakizungushia waya mnene, halafu waya mwembamba na mrefu. Alipitisha umeme wa betri katika waya mnene, kisha akaukata ghafla. Sumaku ya chuma ilipozimika, volti nyingi sana zilitokea katika waya mwembamba. Aliona pia kwamba umeme ukikatwa upesi zaidi, pigo linakuwa kali zaidi. Basi akatengeneza chombo cha kuukata na kuurudisha mara nyingi mfululizo, kwa waya uliochovywa na kutolewa ndani ya zebaki.

Nguvu haikuongezeka bure. Volti zilipanda, lakini kiasi cha umeme kinachopita kilipungua.

Kwa kuwa hakuwa na chombo cha kupimia volti nyingi hivyo, Callan aliwapima wanafunzi wake: waliugusa umeme, naye akaangalia wanavyoshtuka. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, William Walsh, alizimia. Walsh alipona, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dublin. Inasemekana kwamba baada ya hapo padri alianza kutumia bata mzinga.

Mwaka 1837 alituma bobini moja London kwa William Sturgeon, ambaye aliionyesha kwa wataalamu wa huko. Lakini Maynooth ilikuwa nyumba ya kulea mapadri, na fizikia haikupewa uzito mkubwa. Hakukuwa na mtu wa kulilinda jina lake. Huko Paris, fundi Mjerumani Heinrich Ruhmkorff alianza kuuza bobini kama hizo zilizoboreshwa, na ulimwengu ukaziita kwa jina lake. Callan alifariki tarehe 10 Januari 1864. Mwaka huohuo, serikali ya Napoleon III ilimpa Ruhmkorff zawadi ya faranga 50.000.

Ni katika karne ya 20 tu ndipo watafiti walirudi kwenye maandishi ya mwaka 1836 na kuona nani alitangulia.

Leo kazi ya zebaki inafanywa na transistori, inayokata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. Paneli moja ya sola hutoa volti makumi machache tu. Ili kupata umeme wa volti 220 wa kutumia nyumbani, volti hizo lazima zipandishwe mara kadhaa. Bobini yenye waya mmoja haifiki mbali: ikilazimishwa kupandisha mno, nguvu nyingi hupotea kwa joto. Kwa hiyo mafundi wengi huweka nyaya mbili kwenye kiini kimoja cha sumaku, kama alivyofanya padri huyo.

Bobini yake kubwa ingali imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Maynooth.