Sharo Milionea

Sharo Milionea (jina halisi: Hussein Ramadhani Mkiety, alifariki 26 Novemba 2012) alikuwa mchekeshaji, mwigizaji wa filamu na mwanamuziki wa Bongo Fleva kutoka Tanzania.

Alijulikana hasa kwa uhusika wa sharobaro, yaani kijana mtanashati anayeringa hata kama mfukoni hana kitu. Aliuigiza katika filamu za vichekesho, baadhi akiwa na King Majuto, kisha akauhamishia kwenye muziki. Wengi waliiga mwendo na matamshi yake.

Alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, akielekea kwao, miezi saba hivi baada ya kifo cha Steven Kanumba. Vitu vyake viliibwa palepale penye ajali, jambo lililowaudhi wengi. Alizikwa Muheza.