Bwana Robert Koch na Ugonjwa wa Kifua Kikuu

Hata leo hapa Bariadi mtu akikohoa majuma mengi na kukonda, wako wanaonong'ona ya kwamba amerogwa, au ya kwamba ndiyo maradhi ya ukoo wake. Zamani watu wa Ulaya nao walidhani ni urithi wa ukoo. Aliyeondoa dhana hiyo alikuwa Robert Koch.

Alizaliwa Clausthal, nchi ya Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843, akasomea udaktari, akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara ya serikali. Alifanya kazi nyumbani mwake kwa hadubini. Katika mwaka 1876 alionyesha asili ya kimeta, maradhi ambayo wafugaji wa Simiyu wanayajua sana.

Ndipo akageukia kifua kikuu. Vijidudu vyake ni vyembamba mno, wala havikuonekana mpaka alipovitia rangi. Akaviotesha peke yake, akawadunga wanyama wadogo, nao wakaugua ugonjwa ule ule. Tarehe 24 Machi 1882 akawaeleza madaktari wa Berlin. Tangu hapo ilijulikana ya kuwa ugonjwa hutoka kwa mtu hadi mtu, kwa pumzi ya mwenye kukohoa. Kwa hiyo twaambiwa tufunike mdomo, tufungue madirisha, tupeleke makohozi yakapimwe mapema, na mgonjwa ameze dawa miezi yote aliyopangiwa, yaani sita kwa kawaida, hata akijiona mzima.

Lakini Koch naye alikosa. Mwaka 1890 alitangaza dawa yake, tuberkulini, kabla haijajaribiwa vya kutosha, tena akaificha siri yake. Wagonjwa wakamiminika Berlin na tumaini kubwa. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Baadaye ilifaa kwa kupima tu.

Alipewa nishani ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alifika Mwanza, jirani zetu, kuchunguza malale, kisha akavuka ziwa mpaka visiwa vya Sese katika Uganda. Huko aliwatibu wagonjwa wengi kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Jambo hili halifai kusahauliwa tukimsifu.

Kosa lake jingine latuhusu zaidi sisi wenye ng'ombe. Mwaka 1901, huko London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe ni hatari ndogo sana kwa wanadamu, hata haina haja ya kujihadhari nacho. Waingereza hawakuridhika, wakaunda tume ya kuchunguza. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Mwaka 1911 tume ile ikatoa taarifa yake ya mwisho: vijidudu vya ng'ombe huwaingia watu pia, na watoto zaidi, katika maziwa yasiyochemshwa.